Shangazi Paulina na Mbuzi Mzima

Shangazi Paulina hatulii. Yaani anapika anatoka, anakula anatoka, na kila akitoka anaenda bandani kupima mbuzi, wakati hata mmoja haumwi. Kijiji chetu kizima, hapa Ulaya, wanamcheka. Yeye anasema ukisubiri mbuzi augue ndo umpime, utajuaje kawaida yake ilikuwaje? Tangu bwana mifugo wa serikali aondoke asiletwe mwingine, kila mtu kajigeuza daktari, ila shangazi kazidi.

Kwanza anamwacha mbuzi atulie kivulini, maana aliyetoka juani anahema mbaya hata kama mzima. Halafu anatazama ubavu unavyopanda na kushuka, anabonyeza vidole upande wa ndani wa paja la nyuma kutafuta mapigo, anaweka kiganja ubavu wa kushoto asikie tumbo likijiviringa. Mwisho kipimajoto, huko nyuma. Hapo mbuzi anamwangalia kwa dharau, mi nacheka mpaka basi.

Sasa Lukasi, mwenye gesti Mikumi, akapiga simu anataka mbuzi mzima wa Jumamosi. Shangazi akajua jamaa anaanza kufuga. Akapima zizi lote, anachagua huyu, anamrudisha, anachagua yule, mwisho akamtoa Shaba, jike analolipenda kuliko sisi. Tukadandia pikapu ya mkaa hadi Mikumi.

Kufika, jiko linawaka na mpishi ananoa kisu. Shangazi akauliza kisu cha nini. Lukasi akamwamkia vizuri, shikamoo, akaeleza kuna harusi, wageni wanataka wa kuchoma.

"Si ulisema mzima?"

"Ndiyo mama, mzima. Asiyekatwakatwa."

"Mi nimekuletea mzima, asiyeumwa."

Mpishi akacheka. Mi nikacheka pia, nikakatwa jicho.

Lukasi akabembeleza, wageni wako njiani, atapata wapi mwingine saa hizi. Shangazi akaanza kuzunguka uani, anaenda getini anarudi, anamshika Shaba sikio anamwachia. Nilijua anawaza, maana Lukasi ndo mteja wake pekee wa Mikumi, akiudhika basi.

"Na huyu si ataliwa tu siku moja, mama?"

"Nayajua mapigo yake, Lukasi. Sikumpima ili achomwe."

Akafungua kamba, tukatoka barabarani. Malori yanapita, Lukasi anatuita, jiko lake linawaka bila kitu.