Unga Mweusi wa Ludara

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ghala hakuniuliza hata jina. Alimwaga punje nyeusi sehemu mbili juu ya bamba la chuma, akaniuliza, "Ya gobori ni ipi?"

Ghala hilo lilikuwa Arua, nyuma ya ofisi iliyoshughulikia wanyama waharibifu wa mashamba. Mimi nilikuwa msichana wa Manibe, nimeajiriwa kuandika vinavyoingia na vinavyotoka. Gobori nilikuwa nimeliona kwa mbali tu. Ni bunduki ndefu ya kizamani inayoshindiliwa kupitia mdomoni: unamimina baruti, unafuatisha risasi, unashindilia kwa mdeki, yaani ile fimbo inayokaa chini ya mtutu, halafu unaweka fataki ndogo pale nyundo inapogonga.

"Zote nyeusi, afande," nikasema. "Si ni ndugu?"

Akawasha kijiti kirefu. Fungu la kwanza liliruka lote kwa mara moja, moshi mweupe ukatanda, harufu ya mayai viza ikatujaa puani, na bamba likabaki na masizi. Fungu la pili liliungua polepole kwa mwali wa manjano, kama karatasi, na halikuacha kitu.

"Sasa?"

"Ya gobori ni ya pili. Hiyo iko pole."

"Basi umeua mutu," akasema, akakaa chini.

Alinieleza kwamba ule upole ndio mtego. Fungu la pili lilikuwa baruti ya risasi za kisasa. Ukiiwasha nje inaungua kivivu, lakini ukiifungia ndani ya chuma inashikwa na wazimu, na mtutu wa gobori haukutengenezwa kuuzuia wazimu huo. Nikamuuliza kwa nini. Akakuna kichwa. "Mimi nilifundishwa hivyo. Kama unataka sababu, tafuta mwenyewe."

Nilitafuta miaka yangu yote. Nilijifunza kusugua punje kati ya vidole nijue kama zimepata unyevu. Nilijua punje nene ni za mitutu mipana na punje laini ni za mitutu myembamba. Kubwa kuliko yote, nilijifunza kutoamini rangi, maana baruti ya kisasa nayo hupakwa weusi kiwandani. Mkuu wa Ghala alipostaafu, mimi nikafanywa mkaguzi, nikahamishiwa Koboko.

Huko bosi wangu alikuwa Afisa wa Udhibiti, mtu wa haraka, simu mbili mkononi. Nyani walikuwa wanamaliza mihogo ya vijiji vya Ludara, na wakulima wachache wenye kibali cha kumiliki gobori walikuwa wanangoja baruti iliyochelewa. Asubuhi moja akaniwekea kopo mezani. Alikuwa amelipata kwa mchuuzi wa mpakani.

"Kesho tunagawa," akasema.

Nikachukua punje kidogo, nikaziwasha juu ya jiwe uani. Mwali wa manjano. Kivivu.

"Afande, hii si ya gobori."

"Iko nyeusi, iko baruti. Watu iko na njaa, dada. Mzee Duku nimempa jana, na ameshindilia tayari."

Sikungoja ruhusa. Nilipanda pikipiki mpaka Ludara, naye akanifuata kwa gari, kopo likiwa humo, amekasirika. Mzee Duku, mkulima mwembamba wa makamo, alikuwa mlangoni kwake na gobori la babu yake magotini. Nilimsihi asiliguse. Yeye akanitazama kwa upole.

"Mama, hii bunduki imeona mingi. Haiwezi kuogopa unga."

Tukakubaliana kulijaribu bila mtu kulishika. Tulilifunga kwenye gurudumu kuukuu, mdomo ukaelekea kichuguu kikubwa, tukafunga kamba kwenye kifyatulio, tukajificha wote nyuma ya ukingo wa mtaro. Nikavuta.

Lilipiga vizuri kabisa. Udongo wa kichuguu ukaruka, gobori likabaki zima.

Afisa akacheka mpaka akashika tumbo. "Umeona? Kesho tunagawa!"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini nilipopitisha kidole kwenye mtutu, karibu na kitako, nilihisi pamenyanyuka kidogo, kama mshipa. Je, palikuwa hivyo tangu zamani? Sikujua. Sikuwa nimepapapasa kabla ya kupiga, na kosa hilo ni langu.

"Mzee," nikasema, "unaniruhusu mara moja tena? Kwa kipimo kilekile?"

"Piga tu."

Mara ya pili tuliusikia mlio ukiwa mkali, si mzito kama wa kwanza. Tulipoinuka, mtutu ulikuwa umefunguka kama ganda la ndizi, na nusu ya kitako haikuwapo. Tulikuja kuikuta kwenye mihogo.

Afisa alirudi kwenye gari, akalitoa lile kopo, akanikabidhi mwenyewe. Jioni tuliiunguza ile baruti uani, kidogokidogo, na hakuna aliyegawiwa.

Mzee Duku ndiye aliyenishika mkono. Alikuwa analia.

"Umeua bunduki ya babu."

"Nimeiua, mzee. Nisamehe."

"Lakini niambie kweli. Ni huu unga, au ni uzee? Kama ungeweka unga mzuri, si pengine ingepasuka pia siku moja?"

Nilitaka kumjibu kama mkaguzi kwamba ni unga, lakini kwanza nikachungulia ndani ya mtutu uliopasuka. Chuma kilikuwa na kutu ndani. Sikuwa na gobori jingine la umri ule la kulinganisha.

"Sijui," nikasema.

Nimestaafu sasa, nimerudi Manibe. Vijana wanaoanza kazi huja kuniuliza namna ya kuchagua baruti, nami nawaambia: iwashe kidogo nje, mbali na kopo, na ukikuta mwali wa kivivu, ikatae, hata bosi akicheka. Wakiniuliza kama niliwahi kukosea, nawaeleza habari ya Mzee Duku.

Yeye bado analima Ludara, na nyani anawafukuza kwa mbwa na debe. Kila nikienda kumsalimu ananiuliza swali lilelile, nami namjibu vilevile. Hajanisamehe sana. Lakini ananipa mkono wa kulia, nami huushika kwa muda mrefu kuliko adabu inavyotaka, nikivihesabu vidole vyake kimoyomoyo. Vitano.