Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Miaka ile ya sitini, pale Dunga, kanisa lilikuwa Walter Amolo na Walter Amolo alikuwa kanisa. Siku sita alitengeneza mashua, mikono imejaa lami. Ya saba akahubiri. Na sauti ile, jamani! Siku hizi tuna vipaza sauti, lakini wapi.

Mahubiri aliyoyapenda kuliko yote ni ya mtoto Yesu kurudi kutoka Misri. "Hosea alimwona zamani!" alikuwa akisema, akipiga meza. "Mathayo anasema limetimia!" Kumbe Walter hakuwahi kumsoma Hosea mwenyewe. Miaka ishirini alikuwa na Agano Jipya tu.

Mwaka wa sitini na saba, Lornah, mke wa mwanawe Tom, akamletea Biblia nzima. Walter akakimbilia Hosea. Akasoma, akarudia. Ai! Yesu hayumo. Nabii anakumbuka tu Waisraeli walivyotoka Misri, na Mungu akiliita taifa hilo lote mwanawe.

Alipomuuliza Mwalimu Gordon wa shule ya jirani, Gordon akacheka. "Mzee, Mathayo alichukua hadithi ya wenyewe akamvika Yesu."

Walter akaona amewadanganya watu maisha yake yote. Jumapili hiyo hakuhubiri, wala iliyofuata. "Mpaka nijue Mathayo ni mkweli," alisema, na hakuna aliyeweza kumbembeleza.

Mwezi haukuisha Lornah akajifungua mvulana. Mtoto alilia siku mbili mfululizo. Kina mama wakafanya kama ilivyo desturi: wakamtajia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, kwani jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Wakataja mababu wote. Wapi! Jina moja waliliruka, la Oduor, kifungua mimba wa Walter, aliyekufa kwa malaria miaka miwili nyuma. Tangu mazishi mzee hakulitamka, na mbele yake hakuna aliyethubutu.

Walter akasogea mwenyewe. "Oduor," akaita.

Mtoto akanyamaza.

"Amerudi!" Vigelegele vikajaa nyumba. Walter alilia bila aibu. Jeneza la Oduor alilipigilia misumari kwa mkono wake. Alijua fika mwanawe yuko kaburini.

Kesho yake Gordon akaja kumwona mtoto.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Ni Oduor, Mzee."

"Na yule niliyemzika?"

"Ni Oduor pia."

"Umenidanganya?"

"Hapana, Mzee. Sijakudanganya."

"Basi mwache Mathayo wangu. Alizijua habari za Israeli kama ninavyomjua mwanangu. Alipomwona mtoto Yesu anatoka Misri, angemwita nani tena kama si Israeli?"



Jumapili Walter akasimama, Biblia nzima mkononi, akaanza na Hosea. Alipofika pale Mungu anapomwita mwanawe, sauti ikamkatika. Akamtazama Lornah na mtoto pale nyuma, akajaribu tena neno lile moja, *mwanangu*, na kanisa zima likamngoja.