Siku Placidia Alipokuwa Mgeni Omurushaka

Basi la Bukoba lilimwacha Placidia kwa sababu ya salamu. Mumewe Ambrose alikutana pale stendi ya Omurushaka na mzee Pastory, aliyemwozesha kijana wao binti yake, na mkwe hakatishwi maneno. Wakaulizana watoto, ng'ombe, migomba, mvua, wakarudi tena kwa watoto. Walipofika kwenye ng'ombe mara ya pili, basi lilishakata kona.

Placidia anauza maharage sokoni hapo hapo, mwaka wa ishirini sasa, na hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyojipa ya kutembea tu, bila kupima wala kubeba kitu. Gauni jipya, nywele zimesukwa jana, viatu vinabana.

"Turudi nyumbani, tutaenda siku nyingine," Ambrose akasema kwa sauti ya chini.

"Rudi wewe. Mimi nimeshavaa. Leo mimi ni mgeni, na wewe ndiye mwenyeji wangu. Nitembeze."

Ambrose akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Akamwingiza kwenye gesti ambayo Placidia huipita kila siku na ndoo ya maharage kichwani. Binti mhudumu akaja kumnawisha mikono, akamletea ndizi na nyama.

"Huyu mpishi ana haraka, ndizi hazijalainika," Placidia akanong'ona, lakini hakubakiza hata mchuzi.

Walipotoka, mteja wake Joanitha akamdaka. "Shikamoo mama. Nifungulie kibanda kidogo tu, nataka kilo mbili."

Mkono wa Placidia ulishaingia kwenye mkoba kutafuta ufunguo. Akautoa mtupu.

"Marahaba. Mwenye maharage hayupo, mwanangu. Mimi ni mgeni hapa. Hebu nielekeze, mji wenu una nini cha kuona?"

Joanitha akamtazama kuanzia nywele hadi viatu, akaziba mdomo asicheke. "Karibu, mgeni. Panda hicho kilima nyuma ya kanisa, mji wote utauona."

Wakapanda, viatu mkononi. Huko juu Placidia akatazama pande zote. Mabati, barabara, malori ya kahawa, kisha migomba mpaka macho yanapoishia.

"Ile nyumba ya bati jekundu ni ya nani?" akauliza.

"Ya mama mmoja muuza maharage. Mkali, nasikia."

"Mbona migomba yake imependeza kuliko ya jirani?"

"Hata migomba inamwogopa."

Placidia akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Ambrose akasema basi washuke, pengine Joanitha bado anasubiri.

"Shuka ukampimie wewe," Placidia akajibu, akanyoosha miguu. "Mwenyeji gani anamharakisha mgeni?"