Sahani Hairudi Tupu

Mwenzangu, wewe unanijua, mimi si mtu wa safari. Nikipata likizo naenda Hatta, nile nyama ya kuchoma karibu na milima, nirudi kwangu Al Twar kabla ya magharibi. Lakini binti yangu amekua, ana mshahara wake, na mwaka huu akaniambia, "Mama, twende Osaka." Nikamuuliza Japani kuna nini. Akasema, "Kuna kula." Basi nikafunga mizigo, nikatia na pakiti za tende, maana mimi siwezi kuingia mji wa watu mikono mitupu.

Na kweli kuna kula! Jioni ya kwanza tuliteremka kwenye mtaa mmoja kando ya mfereji. Taa za kila rangi, kaa mkubwa wa bandia juu ya mlango wa mkahawa akichezesha miguu yake taratibu, wauzaji wanaita wateja kwa sauti za kuimba, na watu wamejaa hadi huwezi kwenda upande unaoutaka. Nilianza kucheka peke yangu. Binti yangu alidhani ni uchovu wa ndege. Kumbe mwenzake nilikuwa nimefika Deira, mtaa wa zamani wa mji wetu huu wa Kiarabu, Deira ya utoto wangu, ambayo nilishaamini kuwa sitaiona tena.

Kilichonimaliza ni harufu. Bwana mmoja mwenye kitambaa kichwani alikuwa akimimina uji wa unga kwenye chuma chenye vishimo, anageuza kwa vijiti, vinatoka vya mviringo. Nikasema, "Hivi si vitumbua hivi?" Binti yangu akajibu, "Ndani vina pweza, Mama." Vitumbua vya pweza! Miguu iligoma kwenda mbele. Nilimwona Bibi waziwazi, kanga kaifunga kiunoni, fimbo mkononi.

Tulikuwa tukikaa Deira, ghorofa ya nne, si mbali na soko la samaki. Baba alifanya kazi kwa wakala wa mizigo, Mama alikuwa akishona nguo za maharusi dukani, na mimi nilirudi skuli na ufunguo shingoni. Nikijifungulia mwenyewe, nikila wali wa jana, nikikaa mbele ya televisheni hadi wakubwa warudi. Nyumba ilikuwa kimya mpaka unasikia friji inavyonguruma, na mimi nilikuwa naiogopa. Babu alipofariki Unguja, Baba akamleta Bibi, na maisha yangu yakageuka. Sasa nikirudi mlango uko wazi, harufu ya iliki inanipokea ngazini, na Bibi ananivua mkoba huku akiuliza nani kanichokoza leo.

Tatizo ni kwamba Bibi hakuja kukaa. "Nimekuja kukusalimieni tu," alisema, na sanduku lake la kijani akaliweka nyuma ya mlango, nguo zimo humo humo, anatoa moja anarudisha moja. Baba alimbembeleza. "Mama, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukiugua huko nitakufikia saa ngapi?" Bibi akamjibu, "Na nikikaa hapa nitazungumza na nani, mwanangu? Mji una watu tele, jirani hata mmoja hamna." Basi kila nikitoka skuli, jambo la kwanza nilitazama nyuma ya mlango kama sanduku lipo. Nililichukia sanduku lile, na papo hapo nikiliombea dua lisiondoke.

Hoja yake kubwa ilikuwa sahani. Alikuja nayo kutoka kwao, nyeupe, ina maua ya buluu, ukingoni imemeguka kidogo. Wiki ya kwanza alipika vitumbua, akaijaza, akanituma mlango wa pili kwa jirani yetu, mama wa Kihindi, Mmalabari. Jirani alifurahi sana, akavihamisha vitumbua, akaiosha sahani pale pale, akaikausha vizuri na kunirudishia. Heshima yote hiyo! Bibi akaipokea, akaigeuza chini juu. "Tupu?" Kwetu sahani ya jirani hulala. Inakaa kwako hadi siku nawe utakapopika, ndipo irudi na chochote ulichojaaliwa, hata iwe kipande cha muhogo. "Inayorudi upesi hurudi tupu," alisema Bibi, na jioni ile akamuuliza Baba habari za tiketi.

Aliyetuokoa ni pweza. Baba, katika kuhangaika amfurahishe mama yake, alimnunulia sokoni pweza mzima, mkubwa kupita beseni letu. Sasa pweza ni lazima apigwe kwanza, la sivyo utatafuna mpira. Mama akakataa katakata asipigwe jikoni. Bibi hakubishana. Akapanda naye hadi juu ya jengo, baina ya madishi na kamba za nguo, mimi nyuma na beseni, akaanza kumtwanga. Pwaa! Pwaa! Nadhani alikuwa akiupiga mji mzima.

Jengo zima likadhani kuna mtu anavunja tangi la maji. Akaja mbio natur, mlinzi wetu, ndevu kazipaka hina, kandambili mkononi, na nyuma yake kinamama wa kila ghorofa wakiongozwa na yule Mmalabari. Mama yangu alishika kichwa. "Mkwe wangu ametupalia makaa leo, tutafukuzwa!"

"Mama, khalas! Khalas!" natur akapiga kelele, kwamba basi, inatosha.

"Khalas ya wapi, bado mgumu huyu!" Bibi akamjibu, na fimbo ikashuka tena.

Mmalabari ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akainuka, akapangusa machozi, akaichukua fimbo ili Bibi apumzike. Kwao nako ni pwani, na mkono wake ulionekana kuijua kazi. Natur alibaki anatutazama, mwishowe akatuteremshia beseni.

Pweza akaungwa kwa nazi, na kila aliyepanda juu siku ile alipelekewa chakula. Sahani ya maua ilikwenda mlango wa pili, na safari hii Bibi mwenyewe aliipeleka, akamwonyesha jirani kwa mikono: usioshe, ilaze. Ikalala. Siku ya tatu tukapigiwa hodi, sahani imejaa mikate ya mchele na mchuzi wa samaki mwekundu, mkali wa kutoa jasho. Bibi alikula huku akisifu na kulia pilipili. Tangu hapo sahani zikawa zinapanda na kushuka ngazi zile hadi natur akawa anajua nyumba gani imepika nini.

Siku moja nikarudi skuli, nikatazama nyuma ya mlango. Sanduku halipo. Nilikaa pale pale sakafuni nikaangua kilio, viatu miguuni. Bibi akatoka jikoni, mikono ina unga. "Unalilia nini, mjukuu wangu?" Sanduku lilikuwa jikoni, wazi, limejaa sahani za majirani zinazongoja zamu yao. Kabati la vyombo lilikuwa halitoshi tena. Nguo zake alikuwa amezipanga kwenye kabati langu.

Hayo yote yalinipitia Osaka, nimesimama kwenye foleni. Nikamwambia binti yangu aulize kwa simu yake, wenzetu hawa humpiga vipi pweza wao? Yule bwana akacheka, akaonyesha kwa mikono: wanamsugua kwa chumvi, hivi, kama anayefua. Nami nikamwonyesha fimbo ya Bibi, pwaa! Foleni yote ikacheka, akatuongezea viwili. Vilituunguza ulimi, vitamu ajabu. Tulipomaliza nikakitia tende kile kikasha chembamba cha ubao tulichotiliwa, nikamrudishia. "Mama, jamani, hicho ni cha kutupa!" Bwana alikipokea kwa mikono miwili, akainama. Nikainama. Akainama tena. Binti yangu akanivuta mkono, tungekuwa huko mpaka leo.

Bibi alikaa nasi hadi nikaolewa, na akafa akiwa na majirani wa kumlilia. Jengo letu lilibomolewa, sasa kuna hoteli. Siku za kuhama Bibi, angali hai, alilimaliza sanduku, kila sahani ikarudi kwa mwenyewe imejaa, na Mmalabari akarudi kwao. Iliyobaki ni ya maua ya buluu, ninayo mimi. Na huku Al Twar kuta ni ndefu. Jirani yangu wa miaka mingi nilikuwa namjua kwa gari lake tu.

Basi niliporudi safari nikapika vitumbua, nikaijaza sahani, nikagonga geti lake. Akafungua mama mmoja wa makamo, akashukuru, akaingia nayo ndani. Nikasimama kidogo, roho juu, nikisikiliza kama bomba la maji litafunguliwa. Akarudi mikono mitupu, akaniuliza jina langu.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Leo Jumatano, binti yangu ananisumbua niende nikaidai, sahani ya Bibi isije ikapotea. Namwambia atulie. Haijarudi bado, alhamdulillahi.