Koti la Msituni

Mume wangu alizaliwa bara kwenye baridi, akazeekea Msambweni kwenye joto, na koti lake la vita vya uhuru hakuliacha. Lilikuwa la sufu, zito, alilompokonya askari wa mkoloni. Vifungo vya shaba alivikata ili visimetemete msituni, akashona vya mti. Kila sikukuu ya taifa alilivaa akakaa barazani, jasho likimchuruzika, akingojea mtu amwulize habari za vita vyake. Hakuna aliyeuliza. Huku kwetu alikuwa mzee wa bara tu, mwenye koti la ajabu.

Msikilizaji nilikuwa mimi. Nilisikia mpaka nikachoka jinsi walivyounda bunduki: bomba la maji, gogo la kuchonga, komeo la mlango, na mpira wa kulivuta komeo lipige risasi.

"Ilipiga mbele au nyuma?" nilikuwa nikimtania.

Alikuwa akinionyesha kidole gumba kilichokatika, tukicheka. Sasa sina wa kumtania. Upweke mbaya, jamani. Hata kuku nawasemesha.

Alipofariki nikakaa eda. Nguo za marehemu hutolewa sadaka, ndiyo ada yetu, na dada yangu akazigawa zote. Sikumwambia abakishe koti, maana nani angelitaka kwa joto hili? Nilipofungua kabati nikakuta halimo, nililia kuliko siku ya maziko. Na mwenye eda hatoki kwenda kutafuta koti.

Eda ilipokwisha nikaelekezwa kwa mkulima mmoja, njia ya Gazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata koti la mume wangu."

Akaona haya, akanyoosha mkono kwenye mahindi. Koti lilikuwa limevishwa miti miwili iliyofungwa pamoja, na kipande cha bomba kimeegemezwa begani mfano wa bunduki.

"Niwie radhi, bibi. Kulivaa sikuweza, lachoma. Lakini tangu nilisimamishe hapo, nyani hawaingii shambani. Nikuvulie?"

Hasira zilinipanda. Hapo nikawaona nyani wenyewe, wamejipanga juu ya mkorosho wakilikodolea macho koti, hakuna anayethubutu kushuka.

"Mwache," nikamwambia. "Hao angalau wanamjua ni askari."

Nikarudi nyumbani peke yangu.