Shule Tuliyoichoma Tanurini

Hata leo nikipita mahali wanapochoma matofali, moshi wa kuni mbichi na harufu ya udongo vikanijia pamoja, hunibidi nisimame. Wenzangu hudhani nimechoka. Wewe nitakwambia ukweli: namkumbuka dada yangu Kemunto, na moyo unaniuma.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Shule ya parokia yetu, upande wa Nyamira, ilikuwa ya udongo na nyasi, na kila Ijumaa sisi wasichana tulisiriba sakafu kwa samadi ya ng'ombe mpaka viwiko vikanuka. Kamati ikaamua tujenge ya matofali. Tulibeba maji kutoka mtoni, tukakanyaga udongo. Kemunto, aliyekuwa akimaliza darasa la sita, alijitwika matofali manne huku wavulana wakilalamikia mawili. Alitaka kuwa mwalimu. Mimi nilikuwa la tatu, naye alinifundisha hesabu tukipanda kilima, nikikosea, ananifinya.

Likizo ilipofika, kuni za kuchomea matofali zikapungua. Wazee wa kamati, akiwemo Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu aliyekuwa katekista, wakapata wazo lililoshangiliwa na kila mtu: hiyo shule kuukuu ya nini tena? Wakaibomoa, nguzo na milango wakavitia tanurini. Tulipiga vigelegele. Kesho yake mvua ya kwetu, ambayo haijawahi kumwomba mtu ruhusa, ilianza kunyesha, ikanyesha siku nne. Tanuri likaporomoka. Hatukuwa na shule ya zamani wala mpya, ila rundo la tope jekundu.

Madarasa ya chini yalihamia kanisani. La saba likakosa nafasi. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na shule ya Wasabato, na mwalimu mkuu wao alituma salamu kwamba yuko tayari kumpokea Kemunto. Mama alifurahi. Tata hakutaka kusikia.

"Mtoto wa katekista akasome kwa Wasabato? Jumapili nitasimama vipi mbele ya watu? Atangoja tujenge."

"Nitangoja mpaka lini, Tata?" Kemunto akauliza.

"Mwaka mmoja tu, mama."

Ilichukua mitatu. Kabla ya wa pili kwisha, Kemunto aliposwa na mtu wa Keroka, ng'ombe wakaja, akaenda. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kubaki na blanketi peke yangu.

Siku ya kufungua shule mpya alikuja na mtoto mgongoni kusaidia akina mama kupika. Katikati ya kazi alinivuta mkono, akaniomba nimwonyeshe darasa la saba. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Madirisha ni makubwa," alisema. "Mtu akikaa pale mbele anaona ubao vizuri."

Wageni walikuwa wanakaribia pamoja na padre. Nilikuwa na sare mpya, naye alikuwa na masizi mpaka shingoni.

"Toka hapo, Kemunto," nikamwambia. "Utatuaibisha."

Alirudi jikoni. Nilidhani alikuwa akitazama jengo tu. Tulikuwa tumeshamzika nilipoelewa kwamba alikuwa akichagua mahali ambapo angekaa.