Jua Sakafuni kwa Shangazi Antena

Mgeni alishuka kwenye lori amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akaingia chumba cha kwanza alichokiona.

"Kanyaga popote, ila si jua langu," alisema mwendesha redio wa yadi ya malori, hedifoni kichwani.

Jua lilikuwa sakafuni kweli: duara la mwanga juu ya karatasi, limepenya darubini iliyofungwa dirishani kwa mpira wa baiskeli. Kwa siku tisa Shangazi Antena, kama madereva walivyomwita mwendesha redio huyo, alikuwa akichora madoa ya jua hilo.

"Ona kundi hili. Nguvu za sumaku humo zimejisokota kama mpira wa manati. Zikizidiwa zinakatika, zinaungana upya kwa njia fupi, na kila kilichobanwa kinafyatuka! Hewa ya jua inachemka kwa mamilioni ya digrii, chembe zinateremka mbio, zinagonga uso wa jua, panawaka. Dakika nane tu, eksirei ziko juu ya paa hili. Hewa ya juu kabisa inageuka na kumeza mawimbi ya redio yangu."

Bosi wake, mume wa mdogo wake, hakuamini. Mwezi uliopita redio ilipokuwa kimya aliifungua yote, akaifunga, skrubu nne zikabaki mezani. "Ikizima tena, shemeji," aliapa, "unahamia stoo ya matairi."

Saa tatu na nusu asubuhi hiyo dereva mmoja aliita redioni: "Shangazi, nimefika darajani, niko—"

Kimya.

"Limefyatuka!" Shangazi aliruka hadi kiti kikaanguka.

Shemeji aliingia na bisibisi. "Nilisema mimi!"

"Toa mkono! Jua halina skrubu." Akazungusha kitufe hadi masafa ya juu zaidi, ambayo mlipuko wa jua huyameza kidogo tu. Madereva alishawafundisha: nikipotea mchana, pandeni masafa.

Mvumo. Mvumo tu. Shemeji akasogea.

"...gazi? Nimepanda. Unanipata?"

"Nakupata, mwanangu! Nakupata!"

Simu ya makao makuu ikalia: vituo vyote kimya, ninyi mnasikikaje?

Shemeji alisikiliza, akaweka bisibisi mezani. "Panda lori lililo nje, shemeji. Ukawafundishe wenzako."

"Na stoo?"

"Stoo naipeleka bisibisi."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu, akakunja michoro yake kwapani, akamvisha mgeni hedifoni. "Dereva akiita, mwambie abaki masafa ya juu. Basi!"

Lori likanguruma, likatoka getini. Mgeni akasimama palepale, akichunga asikanyage jua.